Re: Tableti ya mtoto aliyeko Amu (Lamu), kioo kimevunjika

Asalaam aleikum jamaa. Ile tableti niliyomnunulia mwanangu hapa Deira kwa dirhamu 180 imemwanguka dakani, kioo nyang'anyang'a. Fundi wa Langoni asema tachi yake (kile kioo cha juu cha kugusa) haipatikani, hata Mombasa. Nitume nyingine?

Wa Mkomani, Dubai

---

Waaleikum salaam dada. Usinunue nyingine kwanza.

Spea hakuna kwa sababu tableti za bei hiyo hazina mwenyewe. Huunganishwa Shenzhen, Uchina, kwa vipande vilivyopo sokoni: leo kioo cha kiwanda hiki, mwezi ujao cha kile, jina la mgongoni lile lile. Nimewahi kufungua mbili za jina moja. Moja ina skrubu, ya pili gundi tupu, na tachi hazikubaliani.

Kheri yako ni kuwa za bei ndogo aghalabu tachi na skrini huwa mbalimbali, hazikugandishwa pamoja kama za bei kubwa. Fundi apashe kingo moto kwa mashine ya kukaushia nywele, ainue kioo polepole, atazame ule utepe mwembamba unaoingia kwenye ubao. Umechapwa herufi na namba. Aupige picha. Tafuta kwa namba hiyo, achana na jina la mgongoni, na ulinganishe vipimo na mahali utepe unapotokea.

Kuhusu bei: mwaka 2011 Amazon iliuza tableti yake, Kindle Fire, dola 199. Wachambuzi wa IHS iSuppli, kampuni ya utafiti wa soko, wakaifungua, wakahesabu gharama ya vipande na kuunganisha, wakapata karibu dola 202! Skrini na tachi ndizo zilizokula nyingi. Amazon ilitegemea kuuza vitabu na filamu. Mwaka huo huo tableti ya Aakash ya India ilikuwa kama dola 50, lakini kioo chake kilitaka kubonyezwa hasa. Vipande vimeshuka tangu hapo, ila huyo muuzaji wa Deira hana filamu za kukuuzia. Amepunguza pale usipopaona, kwenye betri na memori. (Ukiambiwa GB 128 kwa dirhamu 180, jaza video kwanza uone kama ni kweli.)

Wa Shela, Muscat

---

Ahsante kaka. Picha imekuja. Namba yasomeka yote ila herufi moja imefunikwa na gundi, sijui ni B au 8. Nimemwambia aifute kwa spiriti apige tena.