Huyu fundi ameniambia Virago yangu imeibiwa cheni!

#1
Wakuu, natetemeka hapa nilipo. Mnamjua ninayemsema, yule wa chini ya mwembe, spana moja, mdomo kama spika ya harusi. Nimempelekea pikipiki yangu, Yamaha Virago 750 ya 1981, staata inasaga kokoto. Ni ugonjwa unaojulikana wa Virago za mwanzo, na kiki haina, kwa hiyo staata ikigoma unasukuma.

Hata hakunisikiliza. Kachuchumaa, kamulika gurudumu la nyuma kwa simu, kazunguka upande wa pili, kamulika tena, halafu mbele ya bodaboda wote: "Mzee, cheni wameshakuibia."

Wameshakuibia! Kijiwe kizima kikalala chini kwa kicheko. Jamani, ile ni SHAFTI! Nguvu inapita ndani ya bomba mpaka kwenye gia za gurudumu la nyuma, zimelala kwenye oili yake, hakuna cheni ya kukaza wala kupaka grisi. Yamaha walivyoitoa kiwandani ndivyo ilivyo. Injini ya sisi (cc) 748, silinda mbili zimeachana nyuzi 75, inapozwa na upepo, gia tano. Na mtu anamulika anatafuta cheni!

Eti anayo ya Boxer, "tutaipachika." Ipachikwe wapi? Mama wa vitumbua kacheka hadi vitumbua vimeungua. Nimeshaoga, bado naisikia: "Cheni wameshakuibia."

#2
Pole mkuu, ila si umesema unaisukuma? Cheni ya nini sasa?

#3
Huyo huyo! Mimi alinirudishia pikipiki na boliti nne mkononi, eti zimezidi.

#4
Ya 1981? Pikipiki imemzidi umri fundi. Ulitakiwa akuamkie.

#5
(mwenye uzi) Hamnielewi. ALIMULIKA PANDE ZOTE MBILI.

#6
Afadhali wewe. Mimi muuza vipuri wa kule mtaani kaniuzia kabureta moja, wakati injini inataka mbili. Nikarudi, kaniuliza hiyo nyingine nilipeleka wapi.

#7
Bora hiyo 750. Ya 1984 ya soko la Marekani ilishushwa hadi sisi 699, kukwepa ushuru wa 1983 kwa pikipiki za nje zinazozidi 700. Harley, watengenezaji pikipiki wa huko huko Marekani, ndio waliouomba.

#8
Nani kataja ushuru? Mimi yangu imekaa bandarini mpaka tairi zimeisha upepo!

#9
(mwenye uzi) Jamani, uzi ni wa cheni.

#10
Mkuu #8, ulilipa shilingi ngapi?