Naombeni ushauri: kovu la Odysseus limenikwamisha
Wakuu habari zenu, nina insha ya chuo kuhusu tenzi za Homer, yule mshairi wa Ugiriki ya kale, na nimekwama. Kwenye utenzi wake wa Odyssey kitabu cha 19 yule yaya mzee Eurycleia anamuosha miguu Odysseus, shujaa aliyerudi kwake kwa siri akijifanya ombaomba, anatambua kovu juu ya goti, pale pale unasubiri apige kelele, mshairi anakuhamishia mlima Parnassus kwenye uwindaji wa nguruwe pori aliyemwachia hilo kovu, mistari 70 na ushee, ndo anarudi mguu unadondoka kwenye beseni maji yanamwagika. Sasa hapo anatuchelewesha makusudi au ni mazoea tu ya kughani bila kuandika? Maana hata shujaa Achilles kwenye Iliad, utenzi wake mwingine, anaitwa kwa mazoea mwenye mbio huku kakaa zake merikebuni kanuna 😂 Mwalimu anataka nichague upande mmoja, mi naona yote mawili. Nyie mngeanzia wapi?