Pacha wangu wanaingia gredi ya 9 Minnesota, somo la Kiingereza huko likoje?

Mama Kulwa, Igoma

Mwangaluka ndugu zangu, wa huku na mlioko ng'ambo. Naomba msaada wenu. Kulwa na Doto wamemaliza Form Two mwezi wa kumi na moja, visa zimetoka, mwezi wa kwanza wanaenda kwa baba yao Minnesota, na shule imeshamwambia watawekwa gredi ya 9, yaani mwaka wa kwanza wa hai skuli. Hesabu na Bayolojia sina wasiwasi nazo. Kinachonikosesha usingizi ni hilo somo la Kiingereza, manake baba yao anasema wenzao huko wanasoma Shakespeare. Wangu wametoka shule ya kata, primari yote Kiswahili, Kiingereza chao ni cha kwenye daftari, tensi wanazijua lakini kuongea Kulwa ndo anajitahidi, Doto ni mkimya hata kwa Kiswahili. Niwaandae vipi kabla hawajaondoka? Kuna kitabu cha sarufi nimekiona pale mjini, ninunue?

Mama Neema, Minnesota (nipo Nyegezi kwa mama)

Mwangaluka Mama Kulwa, hongera kwa visa. Nipo Mwanza mpaka tarehe tano Januari, naandika nikiwa hapa kibarazani kwa mama, nivumilie ikiwa ndefu kwa sababu jambo hili lilinikuta mwenyewe na sitaki limkute mwingine.

Kitabu cha sarufi usinunue. Somo lenyewe linaitwa Kiingereza ila hawalifundishi kama tulivyofundishwa sisi, geuza sentensi, jaza nafasi iliyo wazi. Lichukulie kama fasihi ya Kiswahili ya Form Three kwenda juu: mtoto anapewa riwaya, tamthilia, mashairi, hotuba, makala ya gazeti, anasoma, anaongea darasani, anaandika, anarudishiwa, anaandika tena. Majimbo mengi yamejenga mitaala yao juu ya viwango vya Common Core vilivyotoka 2010, na humo mtoto wa gredi ya 9 anatakiwa aweze kuandika kwa namna tatu, kutetea hoja, kueleza jambo, na kusimulia. Tensi ni kitu cha pembeni.

Neema wangu alitoka hapa akiwa wa kwanza darasani kwa Kiingereza. Shule ilifunguliwa, akawa anarudi nyumbani anasoma mpaka usiku, namuona kwa macho yangu, basi mi nikatulia. Wiki ya sita nikafungua ile potali ya wazazi, tovuti ya shule ya kuonea maksi, kwa mara ya kwanza nikakuta F. Nikadhani ni kosa la kompyuta. Kumbe asainmenti kumi na mbili zilikuwa na sifuri, vitu vidogo vidogo, aya moja ya kujibu swali, msamiati kumi, kuchora mistari kwenye ukurasa na kuandika pembeni ulichofikiria. Yeye aliviona ni mazoezi tu, akawa anajiandaa kwa mtihani mkubwa wa mwisho kama tulivyozoea huku, kwamba mwaka mzima unaamuliwa siku moja. Kule maksi zinajengwa kila siku, na usipokabidhi kitu ni sifuri, hata kama unakijua kichwani, halafu zero moja inavuta chini wastani kuliko A mbili zinavyoweza kuupandisha. Na gredi ya 9 ndo rekodi inaanza, zile maksi zinaingia kwenye GPA, yaani wastani wa maksi zake zote za hai skuli, atakayopeleka kuombea chuo miaka mitatu baadaye. Hilo hakuna mtu aliniambia.

Kwahiyo siku ya kwanza shemeji aombe akaunti ya mzazi. Na asome ile karatasi ya mwalimu inayoitwa silabasi, wazazi wengi tunaisaini bila kusoma, mle ndani ndo kumeandikwa kazi ya kuchelewa inakatwa kiasi gani, nani anaruhusiwa kurudia, homuweki ni asilimia ngapi. Kila mwalimu ana sheria zake.

Sasa esei. Hapa ndo watoto wetu wanaumia na si kwa sababu ya uvivu. Darasa la Neema walisoma Animal Farm, ile riwaya ya George Orwell ya mwaka 1945 ya wanyama wanaomfukuza mwenye shamba, ambayo Fortunatus Kawegere aliitafsiri kwa Kiswahili 1967 ikaitwa Shamba la Wanyama (ukiipata hiyo tafsiri waache wasome kwanza kwa Kiswahili, itawasaidia sana). Neema akaandika kurasa tatu akisimulia hadithi yote mwanzo mpaka mwisho, Kiingereza safi kabisa, akapata C. Mwalimu akaandika kwamba hadithi naijua, nataka kujua wewe unasema nini. Mtoto akalia, ananiambia mama mi niseme nini, mi si mwandishi.

Nikamkumbusha soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba. Bibi yake akitaka kumwambia muuzaji kwamba samaki huyu si wa leo, hasemi tu kwa mdomo akanyamaza, muuzaji hatamsikiliza. Anamshika sato, anamfunua mashavu, anasema ona, siyo mekundu tena, yamegeuka rangi, na yakigeuka hivi maana yake kalala. Hoja, ushahidi, maelezo. Ndo esei yote hiyo. Kwenye kile kitabu hoja inaweza kuwa nguruwe wanatawala kwa sababu wenzao hawajui kusoma vizuri. Ushahidi, pale nguruwe wanapoanza kulala vitandani, farasi Clover anakumbuka kuna amri inayokataza, inabidi amuombe mbuzi Muriel amsomee ukutani, na wanakuta imeongezwa maneno kuhusu mashuka. Halafu ueleze: kwa kuwa hawezi kusoma mwenyewe anaanza kutilia shaka kumbukumbu yake badala ya kumtilia shaka mtawala. Sentensi hiyo ya tatu ndo yenye maksi nyingi na ndo watoto wetu wanairuka, wanaona wakishaweka nukuu wamemaliza.

Na kuna kitu kizito zaidi naomba muwakalishe hao watoto mkiseme kabla hawajapanda ndege. Huku mwalimu anaandika noti ubaoni, unanakili, unakariri, mtihani ukija unazimwaga vilevile na unasifiwa. Kule ukichukua maneno ya mtu bila kusema ni yake wanaita wizi. Neema kwenye esei ya pili alisoma uchambuzi kwenye intaneti, akaukariri aya mbili neno kwa neno, akaziandika. Hakuwa na nia ya kudanganya, alikuwa anaonyesha kwamba kasoma! Programu ya shule ikaonyesha zile aya zimetoka wapi, tukaitwa. Nilikaa pale ofisini nikimtazama mtoto wangu anatetemeka, hajui kosa lake, na mi sijui nianzie wapi kueleza kwamba kwetu hii ndo bidii. Namshukuru yule mwalimu alisikiliza, akampa arudie. Wengine hawarudishiwi. Na mambo ya akili mnemba ndo hivyohivyo, ikimwandikia esei ni kosa, labda mwalimu aseme mwenyewe kwamba ruksa.

Baba Masanja, Texas

Mama Neema umesema kweli tupu. Niongeze la kwetu huku, kuna mtihani wa jimbo wa English I mwisho wa mwaka, upo ndani ya STAAR, ile mitihani ya jimbo la Texas, na mtoto anatakiwa aupasi ndo ahitimu, kwahiyo anayekuja Texas ajue kuna maksi za darasani na kuna huo mtihani, ni vitu viwili tofauti. Minnesota sijui kwao mpangilio wake.

Halafu kuna mambo ya muonekano wa karatasi, wangu alipoteza maksi kibao kwa hilo tu. Wanatumia mtindo wa MLA. Herufi saizi 12, nafasi mbili kati ya mistari, juu kushoto jina lako, la mwalimu, somo, tarehe, juu kulia jina la ukoo na namba ya ukurasa, na mwisho ukurasa wa vitabu ulivyotumia. Wafundisheni kwenye kompyuta sasa hivi, dakika ishirini tu, hapo stendi ya Igoma hakosekani mwenye internet cafe.

Mama Kulwa, Igoma

Mungu awabariki, nimemsomea Kulwa yote hii na Doto alikuwa anasikiliza mlangoni. Maswali mawili. Rafiki wa baba yao kamshauri kwenye fomu ya kuandikisha, panapouliza lugha ya nyumbani, aandike Kiingereza, eti akiandika Kiswahili watoto watatupwa darasa la wasiojua. Ni kweli? Na la pili ni Doto. Kama kuongea darasani ni maksi huyu mtoto si ataanguka?

Mama Neema, Minnesota (nipo Nyegezi kwa mama)

La fomu, hapana hapana hapana. Mwambie shemeji aandike Kiswahili, ndo ukweli na ndo mlango wa msaada. Ukiandika Kiswahili mtoto anapimwa Kiingereza, Minnesota wanatumia vipimo vya WIDA, kusoma, kuandika, kusikiliza, kuongea, na akionekana anahitaji anapata mwalimu wa kumsaidia bila kulipa hata senti. Siyo hisani ya shule. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya wanafunzi Wachina wa San Francisco, ikasema kumkalisha mtoto darasani asipoelewa lugha na kumpa vitabu vilevile kama wenzake siyo kumtendea sawa. Wazazi waliopigania hilo walikuwa wageni kama sisi. Najua familia zimeandika Kiingereza kwa ajili ya heshima, mtoto akakaa mwaka mzima anatikisa kichwa tu. Akifika kiwango anapimwa tena anatoka. Na shemeji akihitaji mkalimani kwenye kikao aombe mapema, aombe kwa maandishi.

Pia kwa kuwa wanaingia Januari watakuta nusu ya mwaka imepita, shule nyingi zinagawa somo mihula miwili kila mmoja nusu krediti (krediti moja ni somo moja la mwaka mzima), na Minnesota Kiingereza kinatakiwa krediti nne ndo uhitimu. Shemeji amuulize mshauri wa wanafunzi ile nusu ya kwanza itafidiwa vipi, labda likizo ya kiangazi, na wabebeshe ripoti zote za Form One na Two pamoja na matokeo ya NECTA yenye muhuri, kuna mahali wanazihesabu. Vyeti vya kuzaliwa na kadi za chanjo msisahau.

Doto sasa. Mama Kulwa, mtoto mkimya hafeli kwa ukimya, anafeli mwalimu akidhani hajali. Huku tumemfundisha kuangalia chini mbele ya mkubwa ni adabu, kule mwalimu anaona hasikilizi. Mzoeshe kuinua uso. Ile mijadala ya kukaa duara wengi wanatoa maswali siku moja kabla, basi aandike sentensi mbili kwenye kadi usiku, aingie nazo, aseme ya kwanza mapema kabla moyo haujaanza kwenda mbio. Aseme hata "nakubaliana na fulani kwa sababu ukurasa wa kumi na nne..." inatosha. Na wiki ya kwanza amwandikie mwalimu imeili fupi yeye mwenyewe, kwamba naelewa kuliko ninavyoongea. Wengi watampa nafasi ya kujibu kwa maandishi.

Shakespeare asiwatishe. Gredi ya 9 mara nyingi ni Romeo and Juliet, Kiingereza cha zaidi ya miaka mia nne, hao watoto wa Kimarekani wenyewe hawakielewi, pale wote wanaanza mstari mmoja. Waambie mtu wa Butiama, Mwalimu Nyerere, aliketi akiwa anaongoza nchi akatafsiri Julius Caesar, ikatoka 1963. Neema darasa lilipofika pale baba anamlazimisha Juliet kuolewa na Paris, binti hajafika hata miaka kumi na minne, alinyanyua mkono akaeleza mambo ya mahari na wazee wanavyokaa, darasa zima likamgeukia. Hakuna aliyekuwa na hicho cha kusema isipokuwa yeye.

Na A yake ya kwanza ilikuwa esei ya kusimulia. Aliandika usiku mmoja Ukerewe kwa babu yake, wavuvi wa dagaa na karabai zao, mwanga umejaa ziwani kama kuna mji ambao mchana haupo, na jinsi mbalamwezi ikiwa kubwa hawaendi ziwani, babu anashona nyavu. Hakutumia neno gumu hata moja.

Mama wa Kirumba, Toronto

Samahani naingia nyuma. Kwa wenye watoto Ontario, huku Kanada, gredi ya 9 Kiingereza siku hizi wote wanasoma kozi moja, hawagawanywi tena wa chuo na wa ufundi, na maksi ni asilimia 70 kazi za muhula, 30 za mwisho. Mengine yote ni kama alivyosema dada. Mama Kulwa huyo Doto anunuliwe daftari aanze kuandika nusu ukurasa kila siku alichokiona, kwa Kiingereza chochote alichonacho, asisahihishwe.

Mama Kulwa, Igoma

Asanteni jamani mpaka nakosa neno. Nimempigia baba yao, fomu ataandika Kiswahili. Doto daftari kashaanza, ukurasa wa kwanza ni daladala ya Buhongwa. Mama Neema, shikamoo kwa mama hapo Nyegezi, kabla hujaondoka naomba nikuletee hawa watoto uongee nao.

Mama Neema, Minnesota (nipo Nyegezi kwa mama)

Shikamoo yako imefika, mama anasema marahaba. Waje Jumamosi saa nne, waje na hilo daftari. Neema yupo, ana esei zake zote kwenye laptopu hata ile ya C na zile aya mbili, kasema atawaonyesha mwenyewe.