Shangazi kaniachia kizimba cha dagaa Kirumba, pamoja na ndoo ya kununulia na sado ya kuuzia. Naombeni ushauri

Binti wa Igoma

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na kwa ndugu zangu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo. Naombeni ushauri, hasa nyie mnaofanya biashara na mnajitahidi kuishi mnayoyasoma kwenye Neno.

Shangazi yangu ana kizimba cha dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Ndiye aliyenilea tangu baba afariki, kanisomesha mpaka kidato cha nne. Sasa miguu inamsumbua, hawezi tena kusimama tangu alfajiri, kaniita nishike biashara na faida tugawane. Nimekaa nyumbani muda mrefu bila kazi, kwa hiyo nimeipokea kama baraka.

Shida ni vyombo. Ndoo ya kununulia imepashwa moto ikavutwa. Ukiiweka karibu na ndoo nyingine ya lita 20 unaona tumbo limetuna na mdomo umepanuka mpaka mfuniko haushiki. Hiyo ndiyo tunayokwenda nayo kwa wavuvi na kwa akina mama wanaoanika kule Igombe na Kayenze. Sado ya kuuzia, yaani lile kopo la kupimia, imefanywa kinyume: kitako kimepashwa moto kikasukumwa ndani, ukiingiza mkono unakuta kilima. Mteja anaona imejaa mpaka na kilele juu, kumbe chini hakuna kitu.

Shangazi si mtu mbaya, naomba mnielewe. Anatoa zaka, analisha watoto wasio wake. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole kabisa: "Mwanangu, mwalo mzima ndivyo ulivyo. Ukitumia cha kweli bei yako itaonekana kubwa, dagaa watakulalia."

Kikundi chetu cha vijana kanisani tunasoma Mithali, na juzi tulikuwa 11:1, mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA. Watu walichangia vizuri sana, mifano yote ikawa ya wakubwa wanaokula fedha za umma. Mimi nilikuwa naiwaza ile sado. Naanza kazi wiki ijayo. Amri ya kumheshimu mzazi nayo imetoka kwa Mungu huyohuyo. Nifanye nini?

Kaka wa Buhongwa

Dada, nakupa mawazo ya mtu aliye sokoni, na mimi ni muumini. Biashara si yako, ni ya shangazi. Ukisoma 2 Wafalme 5, Naamani, jemadari wa Shamu, baada ya kuponywa alimwomba nabii Elisha asamehewe pale atakapoinama katika nyumba ya mungu Rimoni akiwa na bwana wake, na Elisha akamwambia enenda kwa amani. Hakumwambia aache kazi. Tena Petro anasema watumishi wawatii mabwana, hata walio wakali. Shika kazi, vumilia, kusanya mtaji wako polepole, ukifungua kizimba chako weka sado ya kweli. Ukianza vita leo utarudi kukaa nyumbani, na shangazi atatafuta mtu mwingine atakayetumia ndoo ileile. Utakuwa umemsaidia nani?

Mzee wa Kanisa Nyakato

Amani kwenu. Kijana wa Buhongwa amesema jambo la kufikirika, nisingependa tulipite hivihivi. Lakini atazame vizuri. Naamani aliinama kwa sababu mfalme aliegemea mkono wake. Hakuna mtu aliyeibiwa siku ile. Na 1 Petro 2:18 inamhusu mtumishi anayeonewa, anayestahimili mabaya anayotendewa yeye. Haimwambii mtumishi awatendee wengine mabaya kwa niaba ya bwana wake. Binti akichota kwa sado ile, anayeumia ni mama aliyetoka Mabatini na elfu zake chache kutafuta mboga ya watoto.

Sasa binti yangu, soma Kumbukumbu la Torati 25:13-15. Utashangaa, maana imeielezea biashara ya shangazi yako kama vile mwandishi alipita Kirumba. Inakataza kuwa na mawe ya kupimia mbalimbali mfukoni, kubwa na dogo, halafu inakataza vipimo mbalimbali nyumbani, kikubwa na kidogo. Kikubwa cha nini? Cha kununulia. Kidogo cha kuuzia. Na angalia, haikuishia kwenye kuvitumia, imekataza kuwa navyo. Musa alijua kwamba kikikaa nyumbani, siku mauzo yakiwa mabaya kitatoka.

Kisha nenda Walawi 19. Sura hiyo watu wanaikumbuka kwa ule mstari wa 18, mpende jirani yako kama nafsi yako. Lakini isome yote. Mstari wa 9 unasema usivune shamba mpaka pembeni, uwaachie maskini. Wa 13, ujira wa kibarua usilale kwako hata asubuhi. Wa 35 na 36, mizani ya haki na vipimo vya haki, halafu Mungu anamalizia kwa kujitaja kuwa ndiye aliyewatoa Misri. Kwa nini alete habari za Misri kwenye mambo ya mizani? Nionavyo mimi, ni kwa sababu kule Misri Waisraeli ndio waliokuwa wakipimiwa. Kutoka 5 inasimulia jinsi Farao alivyoondoa majani ya kufyatulia matofali na bado hesabu ya matofali akaitaka ileile. Mtu aliyeonewa kwa kipimo hatakiwi kumgeuzia mwenzake kipimo hichohicho.

Kwa hiyo upendo wa jirani katika sura ile unapimwa kwa vitu vya kushika mkononi. Hata walimu wetu wa vikundi wangefanya vizuri kuwauliza vijana "kipimo chako kikoje?" kabla ya kuzungumzia wakubwa.

Mvuvi wa Kayenze

Mimi niko upande wa ile ndoo iliyotuna. Sijasoma sana Biblia lakini naomba niseme.

Dagaa tunavua usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi inakaa nchi kavu, kwa sababu taa zetu hazivuti samaki. Kwa hiyo mwezi mmoja una siku za kazi na siku za njaa. Usiku wa kazi kuna mafuta ya injini, kuna betri za taa, kuna mwenye mtumbwi anayetaka chake, kuna wenzangu tunaogawana kinachobaki. Tukifika ufukweni asubuhi dagaa wabichi hawangoji, jua likipanda wanaharibika. Mnunuzi anajua hilo. Anashuka na ndoo yake, anamimina, anaitikisa ndoo, dagaa wanakaa, anaongeza, anaitikisa tena, anaongeza. Ukisema kitu anakwambia basi baki nao. Unabaki nao uende nao wapi?

Akija mtu mwenye ndoo ya kweli, dada, habari inazunguka mwalo mzima siku hiyohiyo. Siku mzigo ni mchache na wanunuzi ni wengi, tunamwita yeye kwanza. Hilo nalisema kwa sababu nimeliona.

Mama wa Sengerema

Mwanangu, nimeuza dagaa miaka mingi, nikaanzia na kopo. Shangazi yako hajakudanganya, ukiweka sado ya kweli kwa bei ya kweli katikati ya sado za kilima, wateja watakuona ghali. Usiingie ukidhani uaminifu utakulipa wiki ya kwanza. Hiyo nakwambia mapema ili usije ukamlaumu Mungu.

Mimi nilichofanya, niliacha sado. Nauza kwa kilo. Sado hata ikiwa nzima, mkono unaweza kudanganya: ukimimina kwa juu taratibu dagaa wanasimama simama, hawalali, chombo kinajaa upesi. Ukiegemeza kiganja ukingoni kinaonekana kimejaa zaidi. Yule anayenunua anasukasuka, yule anayeuza anamimina kama anaweka mayai. Siku hizi nikisoma Luka 6:38, kipimo cha kujaa na kushindiliwa na kusukwasukwa hata kumwagika, naona kabisa Bwana alikuwa anawaona wauza nafaka wa kwao. Mstari huo huwa tunausikia wakati wa matoleo tu, ila mimi umenifaa zaidi kwenye meza yangu.

Mizani nayo ina hila zake, usije ukaiabudu. Kuna wanaouza dagaa ambaye hajakauka sawasawa ili awe mzito. Kuna wa kwenye mchanga: ukianika chini, mchanga unapanda nao kwenye gunia, na mteja ananunua mchanga kwa bei ya mboga. Amosi 8:5-6 inawataja wanaopunguza efa, kile kipimo chao cha nafaka, na hapohapo inawataja wanaouza takataka za ngano. Kwa hiyo nunua dagaa wa chanja, walioanikwa juu na si chini. Ni ghali kidogo, lakini ukimwonyesha mteja kiganja, anaona wamenyooka, wanang'aa, hawana changarawe. Wateja wa Geita na wa huku Sengerema tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hawana tena habari ya kungoja kivuko, wanakwenda Mwanza wanachagua wenyewe. Mtu wa jumla akifika kwake anapima upya. Akikuta pungufu harudi, na hakuambii.

Fundi Mizani Pasiansi

Nyongeza fupi. Vyombo hivyo vinaangukia pia kwenye Sheria ya Vipimo, na Wakala wa Vipimo wanafanya ukaguzi masokoni. Mizani ya biashara lazima ihakikiwe na kupigwa chapa. Kijana ukikutwa na sado ile mezani, utakayeulizwa ni wewe uliyesimama pale, shangazi akiwa nyumbani.

Binti wa Igoma

Nawashukuru sana. Mzee wangu wa Nyakato, shikamoo. Kumbukumbu la Torati 25 nimeisoma mara kadhaa tangu jana, ule wa kikubwa na kidogo umenichoma. Mvuvi, maneno yako nimewasomea wenzangu wa kikundi.

Nimeamua sitatumia vile vyombo. Kilichobaki ni jinsi ya kumwambia shangazi. Nikimwambia "ni dhambi", nimemwambia kwamba ada yangu ya shule ilikuwa dhambi. Na je, ikiwa Zakayo, yule mtoza ushuru, alirudisha mara nne, nimwambie na yeye arudishe?

Mama wa Jumuiya, Nyegezi

Mwanangu, hapo kwenye Zakayo simama kwanza. Soma Luka 19 uone nani aliyesema habari ya mara nne. Ni Zakayo mwenyewe, akiwa na Yesu nyumbani kwake, moyo umefunguka. Yesu hakuja na hesabu mkononi. Wewe usiende kwa shangazi na hesabu. Roho Mtakatifu akimgusa atajua la kufanya, na wanaomdai yeye anawajua kuliko wewe.

Kuhusu kumwambia, Paulo anamwandikia Timotheo (1 Timotheo 5:1-2) asimkemee mzee bali amwonye kama baba, na wanawake wazee kama mama. Timotheo alikuwa na cheo kanisani na bado akaambiwa hivyo, sembuse wewe kwa aliyekulea. Usiende na wenzako wa kikundi, wala usimpelekee mchungaji habari kwanza. Mathayo 18:15 inasema wewe na yeye peke yenu. Nenda jioni, msaidie kupika, mle. Anza na shukrani, uzitaje moja moja, ada, sare, chakula, kwa sababu ni za kweli. Kisha usiseme "wewe umekosea". Sema, "Shangazi, mimi siwezi kusimama na kile chombo, mkono wangu utatetemeka. Niruhusu nijaribu kwa kilo." Mwombe ruhusa, usimpe taarifa. Heshima iko hapo.

Na amri ya wazazi isikuvuruge. Waefeso 6:1 inasema watiini wazazi wenu katika Bwana. Kutii katika Bwana kuna mpaka, na mpaka wenyewe ni huo hapo mbele yako.

Kaka wa Buhongwa

Nimefuatilia michango yote. Mzee, hoja yako ya Naamani nimeikubali, sikuwa nimeiona hivyo. Bado nina hofu ya dada kukosa kazi. Mvuvi na Mama wa Sengerema, ikiwa mnaweza kumpokea wiki za mwanzo kwa kununua au kuuza naye, hapo tutakuwa tumemshauri kweli.

Mvuvi wa Kayenze

Giza lijalo aje asubuhi mapema na ndoo nzima. Nitamwambia mwenye mtumbwi.

Mzee wa Kanisa Nyakato

Nami niongeze moja kwa ajili ya hofu ya kazi. Watoza ushuru walipomuuliza Yohana Mbatizaji "tufanye nini?" (Luka 3:12-13), kazi yao ilikuwa inachukiwa kuliko uchuuzi wa dagaa, lakini hakuwaambia waiache. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Kwa hiyo binti usikimbie Kirumba. Baki palepale mwaloni.

Binti wa Igoma

Nimetoka kwa shangazi sasa hivi. Nilifanya kama Mama wa Jumuiya alivyosema, nikapika sato na ugali, nikashukuru kwanza. Alinyamaza muda mrefu. Akasema hata yeye ile ndoo aliikuta kwa mwenzake na akaiga, na hakuwahi kuipenda. Hakukubali moja kwa moja. Kanipa mwezi mmoja niuze kwa kilo, hasara ikizidi tutakaa tena. Ndoo na sado amesema vibaki kwake kwa sasa. Nimekubali, ila hilo la kubaki bado linanisumbua na nitaendelea kumwombea na kumwomba.

Mama wa Sengerema, kwa dagaa ninunue mizani ipi, ya kuning'iniza au ya mezani? Mtaji ni mdogo.

Mama wa Sengerema

Ya mezani, yenye sahani pana, na uso wake uelekee kwa mteja asome mwenyewe. Ukipata iliyotumika usiilipie kabla haijapelekwa kuhakikiwa ikapigwa chapa. Usiku ifunike na kitambaa kikavu, unyevu wa ziwa unaila springi yake. Na ndoo, nenda nayo mpya dukani, mfuniko ukiwa unashika.