Mrejesho: seva ya stationery ya Ngamiani imepata mtandao

Wakuu, asanteni sana. Kwa waliokosa mwanzo: niliuliza jinsi ya kuiunganisha Ubuntu Server (mfumo wa Linux wa seva, unaoendeshwa kwa kuandika amri) kwenye mtandao wakati kuna skrini nyeusi tupu, hakuna pa kubofya. Ndiyo mashine inayotunza mafaili ya wateja kwenye stationery yetu hapa Ngamiani, Tanga.

Aliyesema nianze na ip link, amri inayoorodhesha kadi za mtandao, alilenga penyewe. Kadi inaitwa enp3s0, lakini faili aliloacha fundi aliyetangulia ndani ya /etc/netplan (folda ya mipangilio ya mtandao) limeandikwa eth0. Mfumo unasubiri kadi ambayo haipo! Nikafungua kwa nano (programu ya kuhariri maandishi), nikabadilisha jina, nikaweka dhcp4: true ili mashine ipewe anwani yenyewe na ruta. YAML, mtindo unaoandikia faili hilo, haitaki tabo kabisa, ni nafasi tu, na mistari isipolingana inagoma.

Halafu sudo netplan try, amri ya kuijaribu mipangilio mipya. Hii nimeipenda kuliko zote: usipobonyeza Enter ndani ya sekunde 120, inarudisha mipangilio ya zamani yenyewe. Ukiwa unaingia kwa SSH toka mbali, usiguse netplan apply, ambayo hairudishi mipangilio yenyewe, kabla yake.

Kikabaki kituko kimoja: ping 8.8.8.8 (kuipima seva ya Google kwa namba yake) inajibu vizuri, ila ukiandika jina la tovuti, kimya. Nikaongeza nameservers (seva zinazogeuza majina ya tovuti kuwa namba) kwenye faili lilelile, resolvectl status ikazionyesha, na sasa apt update, amri ya kusasisha orodha ya programu, inateremka bila shida.

Aliyependekeza nisakinishe mazingira ya madirisha, samahani mkuu, RAM ya hii mashine haina ubavu huo. Anwani ya kudumu nitaifunga kwenye ruta, kwa MAC (namba ya utambulisho) ya kadi.