Naomba ushauri: watoto wa darasa la pili wananisubiri kwa kila kitu

Walimu wenzangu, habari za kazi. Nafundisha darasa la pili shule ya kijijini, watoto 87, madawati ya kubanana. KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) inaenda vizuri tu, ila hawafanyi lolote bila mimi. "Mwalimu, nianzie wapi?" "Mwalimu, nimemaliza." Kalamu ikivunjika, mkono juu, wanangoja.

Muhula huu niliweka vizibo vya soda, vijiti na kadi za silabi kwenye kona, kila mmoja achague cha kuanza nacho. Siku mbili tu, wanne wenye nguvu wakahodhi vizibo vyote na wengine wakageuka watazamaji. Nikajaribu wasahihishiane madaftari; mmoja akampigia rafiki yake vema kila hesabu, hata 7 + 5 = 13. (Nilicheka, lakini moyoni nilichoka.)

Kilichofanya kazi kidogo ni kuwauliza kabla ya kengele: leo umeweza nini, na kipi bado kinakusumbua? Binti mmoja ambaye huwa haongei alisema, "Kutoa kwa kukopa bado, kesho nataka vijiti." Na kesho yake akavifuata mwenyewe. Sasa watoto 87 nitawasikiliza saa ngapi?

Halafu mwalimu mkuu akisikia kelele anaona sifundishi, na wazazi wanahesabu alama za vema kwenye daftari.

Waliofanikiwa na darasa kubwa, mlianzaje? Viongozi wa vikundi mnawabadilisha kila baada ya muda gani? Na mzazi mnamweleza vipi?