Zamu mbili kwa wiki, na kijana anazidi kujidharau

Muulizaji: Wadau, salaam. Kijana amemaliza shule, kapata kazi ya zamu mbili tu kwa wiki, tena iliyo chini ya alichosomea. Watu wanamwambia ashukuru. Siku hizi anawakwepa aliosoma nao, na akiulizwa anafanya nini anajibu, "Nipo nipo tu." Nitajuaje kama kazi ndiyo inayomshusha, au alikuwa hivyo tangu shuleni?

Mshauri wa ajira: Ndugu, hapo kuna mambo mawili, usiyachanganye. La kwanza ni uhaba wa saa: anataka saa zaidi, yuko tayari kuzifanya, hazipo. Hapo kinachoumiza zaidi ni siku tupu, hasa zamu zikitangazwa jioni kwa ajili ya kesho yake. Hawezi kuahidi mtu chochote. La pili ni kazi iliyo chini ya elimu yake, ambayo kila siku inamwonyesha kwamba alichosoma hakihitajiki. Mwanasaikolojia Marie Jahoda alieleza kuwa, mbali na mshahara, kazi humpa mtu mpangilio wa muda, watu wa kukutana nao, lengo la pamoja, hadhi na shughuli. Pitia hayo 5 naye, mwone kipi kimekosekana.

Mtafiti: Kuhusu kipi kilitangulia, tumia kipimo cha Rosenberg cha 1965, kinachopima mtu anavyojithamini: sentensi 10, kila moja ina majibu 4. Sentensi 5 ni za kujishusha, kwa hiyo alama zake hugeuzwa kabla ya kujumlisha: 1 iwe 4, 2 iwe 3. Wengi husahau hapa, na matokeo yote yanakuwa hayana maana. Vizuri angepimwa kabla ya kumaliza shule, maana asiyejithamini huenda hata haombi kazi nzuri. Kwa kuwa muda huo umepita, mpime sasa, kisha tena saa za kazi zikibadilika. Alama moja peke yake haikuambii chanzo.

Mshauri wa ajira: Naongeza. Kabla ya kuomba saa zaidi, aombe ratiba ya wiki nzima mapema; ombi hilo halimgharimu mwajiri mshahara. Kisha aandike anachofanya kwa vitenzi na idadi: "Napokea mzigo, nahesabu maboksi 40, naingiza kwenye daftari la stoo." Sentensi hiyo ndiyo ajibie wenzake, na ndiyo iingie kwenye wasifu wake. Ila akikosa usingizi au hamu ya kula kwa wiki 2, apelekwe kwa mtaalamu wa afya. Akitaja kutaka kufa, ni siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake.

Muulizaji: Asanteni sana. Naanza na ratiba.